Ngome ya kwenye kadi ya posta, na magoti ya mama

*"Mimi ni mwalimu hapa Mombasa. Marehemu baba alikuwa baharia, na katika vitu alivyotuachia kuna kadi ya posta yenye picha ya mji uliojengwa juu ya jabali katikati ya bahari. Nyuma imeandikwa Peñíscola. Mama, mwenye umri wa miaka 67, ameitazama kadi ile miaka nenda miaka rudi. Nimeweka akiba, nataka nimpeleke siku sita mwezi wa Agosti shule zikifungwa. Nimeona chumba ndani ya mji mkongwe, karibu kabisa na ngome, nikafikiri kitamfaa kwa kuwa magoti yanamsumbua na hatalazimika kutembea sana. Naambiwa bahari ya huko imetulia kama maji ya beseni, kwa hiyo hata asiyejua kuogelea hawezi kupata dhara. Dada yangu anaishi Uholanzi, naye anasema niombe viza ya Uholanzi kwa sababu inatoka upesi, kisha tushukie Uhispania moja kwa moja. Je, mpango huu una kasoro?"*

Kasoro zipo, dada, lakini zote zinatibika kabla hujalipa hata senti. Unachotaka hasa, nikikusoma vizuri, ni mama afike alipofika baba, na arudi bila kuumia. Basi nianze na kitu kitakachomuumiza siku ya kwanza tu: hicho chumba.

Kadi ya posta haionyeshi mwinuko. Ngome ya Peñíscola, huko pwani ya mashariki ya Uhispania, imekaa mita 64 juu ya bahari, na mji mkongwe mzima umeng'ang'ania ubavu wa jabali hilo kama chaza kwenye mwamba. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji wa Kale kwenu, ila hivi vinapanda, mara kwa ngazi, mara kwa mteremko wa mawe yaliyosuguliwa na nyayo za watu mpaka yakawa laini kama sabuni. Teksi kwa kawaida itawashusha chini, nje ya kuta. Kuanzia hapo ni miguu na sanduku. Na kwa kuwa ufuo, bandari na maduka mengi ya kila siku yako chini, mtu aliyelala "karibu na ngome" anashuka na kupanda jabali kila anapohitaji kitu. Chumba kinachoonekana kumpunguzia mama mwendo ndicho kitakachomwongezea.

Watu hudhani kupanda ndiko kunakoumiza goti. Kupanda kunachosha pumzi na mapaja. Goti huumia zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu kila hatua ya chini mwili mzima unaangukia mguu mmoja uliokunjwa, na kile kifupa cha mbele cha goti kinabeba mzigo unaozidi uzito wa mtu mara kadhaa. Ndiyo maana utamwona mzee amepanda Peñíscola vizuri, amefurahi, amepiga picha, halafu anakwama njiani akirudi. Weka akiba ya nguvu za mama kwa ajili ya kushuka.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nililifanya. Safari yangu ya kwanza kupeleka watu huko nilikodi nyumba ndani ya kuta kwa tamaa ya dirisha linalotazama bahari. Mwenye nyumba aliniandikia kwamba ni dakika tano tu kutoka langoni. Zilikuwa dakika tano za kijana wa miaka 20 asiye na mzigo. Sisi tulifika mchana na masanduku manne, na mmoja wetu, mama wa makamo, aliketi kwenye ngazi ya mlango wa watu akakataa kata kata kuendelea mpaka aletewe maji. Mwenye mlango alitoka akamletea, pamoja na kiti.

Laleni chini, upande wa Ufuo wa Kaskazini, Playa Norte. Ufuo huo una urefu wa kama kilomita tano kuelekea mji jirani wa Benicarló, na kando yake kuna njia pana ya waenda kwa miguu, tambarare kama meza, yenye viti vya kupumzikia. Chagua hoteli yenye lifti katika kipande cha mwanzo kilicho karibu na jabali, maana ukivutwa na bei ya mwisho wa ufuo utajikuta unatafuta basi kila siku. Tena kuna faida usiyoifikiria: aliye ndani ya ngome haioni ngome. Picha ile ya kwenye kadi, jabali zima na nyumba zake na bahari, huonekana kutoka chini.

Sasa bahari. Kwanza Peñíscola si kisiwa, ingawa kadi inaifanya ionekane hivyo. Ni jabali lililounganishwa na bara kwa ulimi wa mchanga. Mawimbi yanayotoka baharini yakigonga jabali hugawanyika, yakapita huku na huku, kisha yakikutana nyuma yake yanakuwa yameishiwa nguvu na kuuangusha mchanga ambao yameubeba. Kwa miaka mingi ule mchanga ukawa njia. Zamani, siku za dhoruba, maji yaliifunika na mji ukageuka kisiwa kwa muda. Leo hapo juu ya mchanga kuna barabara, mikahawa na majengo, na wageni wengi hupita bila kujua wanatembea juu ya kazi ya mawimbi.

Aliyekwambia maji ni ya beseni hakusema uongo mtupu. Nyinyi watu wa Pwani mmezoea maji kupwa na kujaa, na siku za bamvua tofauti ni zaidi ya mita tatu. Bahari ya huko, Mediterania, imefungwa karibu pande zote, na mlango wake wa kutokea Atlantiki, pale Gibraltar, una upana wa kama kilomita 14 tu mahali pembamba. Mawimbi makubwa ya kujaa ya bahari kuu hayapati pa kuingilia. Kwa hiyo pale Peñíscola maji hupanda na kushuka kwa kiasi cha shubiri hivi. Mama akiweka leso yake mchangani asubuhi, ataikuta ilipo.

Lakini kukosa kupwa na kujaa si kukosa hatari. Kwenu mawimbi huvunjika mbali, kwenye mwamba wa matumbawe, na yanayofika Nyali au Bamburi yamekwisha kutulizwa. Mbele ya Peñíscola hakuna mwamba wa namna hiyo. Upepo wa mashariki ukivuma, wenyeji huuita levante, mawimbi yanakuja na nguvu zao zote mpaka miguuni pako, na maji yakirudi yanavuta kuelekea kilindini. Bahari iliyokuwa beseni Jumatatu inaweza kumwangusha mtu mzima Jumanne akiwa maji ya magotini. Tazameni bendera: kijani ingia, manjano kaa kwenye maji mafupi na uwe na mtu, nyekundu usiingie hata kama Wazungu wameingia. Waokoaji huwa kazini majira ya joto. Nje ya hapo ufuo mara nyingi hauna mlinzi. Yavuyavu nao huja siku nyingine. Akiguswa, osheni kwa maji ya bahari, msitumie maji ya bomba, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hufanya vijimwiba vilivyobaki kwenye ngozi vifyatuke.

Siku ya upepo huo mpelekeni mama kwenye El Bufador, ndani ya mji mkongwe. Ni tundu kubwa katika mwamba, katikati ya nyumba za watu, lenye uzio kandokando. Chini yake kuna pango lililotobolewa na bahari. Wimbi likiingia pangoni linaifungia hewa, hewa inakosa pa kwenda isipokuwa juu, na tundu linapiga mkoromo kisha linatema ukungu wa maji ya chumvi mpaka usoni. Bahari ikitulia husikii kitu.

Niingie kwenye swali gumu: Agosti.

Agosti ndio mwezi Wahispania wenyewe wanapokwenda pwani, na kilele ni karibu na tarehe 15, sikukuu ya nchi nzima. Vichochoro hujaa, bei hupanda, na mahali pa kukaa mzee akapumzika panagombaniwa. Juu ya hapo kuna jambo la saa ambalo wageni kutoka kwetu huligundua wakiwa wamechelewa. Kwetu saa inafuata jua: saa sita mchana jua liko utosini, saa kumi limeshaanza kulegea. Peñíscola iko karibu kabisa na mstari wa Greenwich, lakini Uhispania inatumia saa ya Ulaya ya Kati, na majira ya joto huongeza saa moja tena. Matokeo yake jua hufika utosini kama saa nane mchana, na joto kali huendelea mpaka saa kumi na moja jioni. Magharibi katikati ya Agosti inaingia kama saa tatu kasorobo usiku. Ukimwambia mama "tungoje saa kumi jua lipungue, ndipo tupande", unampandisha kwenye mawe yaliyochomwa tangu asubuhi. Ndiyo sababu pia mikahawa ya huko hutoa chakula cha mchana saa nane na cha usiku saa tatu. Si uvivu, wanakwenda na jua lao.

Wewe ni mwalimu na likizo zako zinajulikana. Basi chaguo la kweli ni Agosti au Aprili. Agosti bahari ina joto la nyuzi 25 au 26, unaingia bila kushtuka. Aprili iko kwenye nyuzi 15 hivi. Mtu wa Mombasa akitia mguu atautoa upesi. Hewa ya mchana Aprili ni ya nyuzi 18 hadi 20, usiku inashuka, na mama atahitaji sweta na soksi. Kwa kupanda jabali, hakuna hali nzuri kuliko hiyo.

Ningekuwa mimi, ningempeleka Aprili, nikalikwepa Juma Kuu lenyewe, kwa kuwa siku hizo nazo hujaa. Bahari ya kuogelea mnayo nyumbani, tena nzuri kuliko ile. Hamwendi Peñíscola kuoga, mnakwenda kuliona jabali la baba. Ikiwa lazima iwe Agosti, basi iwe juma la mwisho la likizo yako, na jabali mlipande asubuhi mara tu mlango wa ngome unapofunguliwa. Usivutwe na anayekwambia uombe ruhusa Septemba mwishoni au Oktoba. Ni miezi mizuri, ila ndiyo miezi ya mvua kubwa za ghafla katika pwani ile. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao kwenye miji iliyo kando ya Valencia, kusini ya Peñíscola. Mkijikuta huko na idara ya hali ya hewa imetoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, bakini hotelini na msipite kwenye mabonde makavu, hata kama hapo mlipo mvua haijanyesha.

Kupanda kwenyewe nitakupangia. Kuna lango linaloitwa Portal Fosc, upande wa kaskazini, na lingine upande wa bandari, la San Pedro. Anzeni kaskazini na mtoke bandarini, polepole, mkipumzika kila kona. Mama avae viatu vya soli ya mpira, ndara aziache hoteli, na awe na mkongojo hata kama nyumbani hautumii. Fundi wa viungo, yaani mtaalamu wa mazoezi ya tiba, atakufundisha kanuni hii, nami nakupa mapema: kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa. Mvua ikiwa imenyesha, ahirisheni. Mawe yale yakilowa hata kijana huteleza.

Pale Portal Fosc mwambie mama atazame juu, aone ngao ya mfalme Filipo wa Pili. Kuta zile zilijengwa kati ya 1576 na 1578 kwa amri yake, na mhandisi alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Antonelli. Miaka 15 hivi baadaye, mfalme huyohuyo, ambaye wakati huo alitawala Ureno pia, ndiye ambaye chini yake Wareno walijenga Fort Jesus, kuanzia 1593 hadi 1596, kwa ramani ya Mwitaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Mama ameishi maisha yake yote kando ya ngome ndugu ya ile ya kwenye kadi. Sijui kama baba alijua.

Ngome ya juu ni ya zamani zaidi. Eneo lile lilikuwa mikononi mwa Waislamu kwa karne tano hivi, mpaka mfalme Mkristo, Jaime wa Kwanza wa Aragon, alipolipata mwaka 1233. Mashujaa wa Hekalu, kundi la watawa wapiganaji wa Kikristo, walijenga ngome iliyopo sasa kati ya 1294 na 1307 juu ya mabaki ya ile ya Waarabu. Kisha akaja mtu ambaye mji mzima bado unamzungumza, Pedro de Luna, aliyechaguliwa papa huko Avignon mwaka 1394 kwa jina la Benedikto wa Kumi na Tatu, wakati Kanisa lilikuwa na mapapa zaidi ya mmoja. Alihamia Peñíscola 1411. Mtaguso wa Konstanz, mkutano mkuu wa Kanisa, ulimvua cheo mwaka 1417, naye akagoma, akakaa juu ya jabali lake akijiita papa mpaka kifo chake 1423. Mtu mkaidi Wahispania humwambia amebaki "kwenye kumi na tatu zake", na wengi huuhusisha msemo huo na mzee huyu. Mkitoka kwa lango la San Pedro mtaona ngao yake, mwezi mchanga uliopinduliwa. Wageni Waislamu hudhani ni alama iliyoachwa na wazee wetu wa imani. Luna ni mwezi kwa Kihispania. Ni jina la ukoo tu.

Bandarini, alasiri ya siku ya kazi, subirini mashua za wavuvi zirudi na shakwe nyuma yake. Nahisi huko ndiko mama atamkumbuka baba zaidi kuliko ngomeni.

Chakula hakitawatesa, kwa sababu ile ni nchi ya wali na samaki. Ulizeni "sin cerdo", bila nguruwe, na "sin manteca" kwa mikate mitamu, maana mafuta ya nguruwe hujificha kwenye vitu vya unga. Na "sin vino", bila divai, kwa mchuzi wa samaki. Bucha halali itafuteni Benicarló au Vinaròs, penye familia nyingi zilizotoka Morocco. Mwagizieni mama horchata, kinywaji cheupe kama tui kinachotengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea wa jamii ya ndago. Kwa mavazi, buibui na mtandio havina tatizo, na hakuna sheria ya nchi inayokataza vazi la kuogelea la kujisitiri ufukweni; bwawa la hoteli ndilo lenye kanuni zake, ulizeni kabla. Upande wa pili wa shilingi, ufuoni mtaona wanawake vifua wazi, wengine wa rika la mama. Mwambie mapema asije akashtukia.

Viza. Dada yako anakupenda lakini anakupotosha. Viza hii ni ya pamoja kwa nchi za Ulaya za kundi la Schengen, na ombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile mtakayoingia kwanza. Siku sita Uhispania bila kulala Uholanzi hata usiku mmoja ni ombi la Uhispania. Kuandika safari ya Uholanzi msiyokusudia kunaweza kuwanyima viza sasa na kuwachafulia maombi yajayo. Ila mkitaka kweli kumtembelea dada siku nane na Peñíscola siku sita, ombi linakuwa la Uholanzi kwa haki kabisa, na mama ataona binti zake wote. Ombi linaweza kupelekwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisichelewe siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni siku 15, ila linaweza kufika 45, basi pelekeni miezi mitatu kabla. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000 ni lazima, nawe soma kama inafunika maradhi ambayo mama tayari anayo. Bima nyingi za bei rahisi haziyafuniki.

Mkifika Barcelona au Valencia, pandeni treni ya pwani hadi stesheni ya Benicarló-Peñíscola. Usidanganyike na jina: stesheni iko Benicarló, kama kilomita saba kutoka ngomeni. Malizieni kwa teksi.

Kuna mambo siwezi kuyaamua kutoka huku. Kabla hujalipa nauli mpeleke mama kwa daktari amwone kwa macho na kuligusa goti. Kama linavimba, linamfungia ghafla, au linamwamsha usiku, hilo linahitaji tiba kwanza, safari baadaye. Muulize pia kuhusu damu kuganda miguuni kwenye ndege za saa nyingi, hasa kama ana presha, sukari au aliwahi kupasuliwa. Majuma machache ya mazoezi ya mapaja na fundi wa viungo yatamsaidia kuliko dawa yoyote ya kupaka. Na akiwa huko, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana, msingoje asubuhi: pigeni 112.

Kadi ya baba ichukueni. Picha ya namna ile hupatikana ukisimama kwenye njia ya Ufuo wa Kaskazini jioni, wakati jua la magharibi linapiga zile nyumba nyeupe. Asubuhi jua liko nyuma ya jabali na utaona kivuli tu.